Seva Ilipowaka Tena: Uchambuzi wa Kisa cha Data za Duka la Jumla

Kisa hiki kinahusu biashara ya jumla ya vipuri vya magari na pikipiki katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina la biashara, mji na tarehe kamili vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa ufundi yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwenye biashara aliridhia kiandikwe kwa sharti hilo. Mimi nilikuwa mmoja wa mafundi walioitwa kuokoa data.

Nimekichagua kwa sababu moja. Seva ilipozima, karibu data zote zilikuwa bado zipo kwenye diski. Sehemu kubwa ya kilichopotea kilipotea baadaye, katika saa moja ambayo kila mtu pale ofisini aliamini tatizo limekwisha.

## Hali ilivyokuwa

Biashara ina duka kuu lenye ofisi na stoo, na matawi mawili madogo yanayoingia kwenye mfumo kwa intaneti. Mauzo, stoo na madeni vilikaa katika programu moja inayotumia kanzidata ya SQL Server 2014, toleo la Express, lile la bure ambalo kanzidata moja haliruhusu izidi GB 10. Yao ilikuwa imefika GB 7.8. Wateja wengi ni mafundi gereji na wenye maduka ya vijijini wanaochukua mzigo kwa mali kauli na kulipa kidogo kidogo. Kwa hiyo kitu chenye thamani kuliko vyote ndani ya ile seva kilikuwa daftari la madeni. Mengine, yaani ankara zilizoskaniwa, barua, picha za bidhaa na nakala za kompyuta za zamani za wafanyakazi, yalijaza nafasi kubwa zaidi lakini hayakuwa na uzito huo.

Seva yenyewe ilikuwa moja, kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu. Windows ilikaa kwenye SSD yake peke yake, yaani diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka. Data zilikaa kwenye diski nne za TB 2, zilizounganishwa na kadi ya RAID, kifaa kinachozifanya diski kadhaa zionekane kama moja, kwa mtindo wa RAID 5, jumla TB 6 za kutumia.

Mtindo huu ulielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hadi leo ndio unaokutwa kwenye seva nyingi za biashara ndogo. Data hukatwa vipande. Kwa kila vipande vitatu kadi hupiga hesabu ya XOR na kuandika jibu lake, pariti, kwenye diski inayobaki, na zamu ya kubeba pariti huzunguka diski zote. Ni sawa na kujua namba tatu na jumla yake: ikipotea moja, unaipata kwa kutoa. Zikipotea mbili kwa pamoja, hesabu haina jibu.

Bakapu zilikuwepo, na hili nataka lieleweke, maana mwenye duka hakuwa mzembe. Kila usiku saa tano programu ilitoa faili la bakapu na kutunza ya siku saba. Tatizo ni kwamba faili hilo liliandikwa kwenye diski zilezile nne. Kila Jumamosi mhasibu alinakili bakapu kwenye diski ya nje na kuondoka nayo nyumbani. Alipokwenda likizo ya uzazi mwezi Aprili, aliyeshika nafasi yake aliachiwa vitabu, funguo na stakabadhi. Habari ya ile diski hakuna aliyemwambia.

## Diski iliyotoka Machi

Mwezi Machi, miezi sita kabla ya mkasa, diski namba 2 ilitolewa na kadi kwenye kundi la zile nne, yaani kadi iliacha kuitumia. Haikuwa mbovu. Ilikuwa diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani, iliyowekwa wakati fulani badala ya ya seva kwa sababu ya bei. Diski za aina hiyo zikikutana na sekta, yaani kipande kidogo cha diski, ngumu kusomeka hung'ang'ana nayo kwa muda mrefu, wakati kadi ya RAID husubiri sekunde chache tu, kisha huihesabu kuwa imekufa.

Kadi ilifanya kazi yake: ililia. Karani wa mauzo alikumbuka vizuri sana kwamba seva "ilikuwa inalia kama mashine ya hospitali" na kwamba mtu fulani alikuja akaizima ile sauti. Sauti ikazimwa, mauzo yakaendelea. Tangu siku hiyo biashara iliendeshwa na diski tatu bila akiba, huku namba 2 ikibaki na data za Machi zilizoganda, pembeni ya wenzake waliokuwa wakiandikwa kila siku.

Huko nyuma pia betri ya UPS, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika, ilikuwa imechoka kiasi cha kutofikisha hata muda wa jenereta kuwaka.

## Mfuatano wa mambo

Alhamisi jioni mwezi Septemba umeme ulikatika, UPS haikushika, seva ikazima ghafla. Jenereta ilipowaka, kioo cha kadi kikaonyesha diski namba 4 nayo imetoka. Mbili nje, kundi halifunguki.

Fundi wao wa karibu aliitwa usiku huohuo. Ni kijana anayefahamu kazi yake ya printa, mtandao na Windows, na aliyoyafanya ndiyo yanayofanywa na wengi. Alichomoa diski zote nne, akazifuta vumbi, akazirudisha. Kadi ikatangaza kwamba imekuta mpangilio wa kigeni, akakubali kuuingiza. Kisha kwenye menyu akaona uwezekano wa kuilazimisha diski kurudi kazini. Akailazimisha namba 4. Akailazimisha na namba 2.

Diski zote nne zikawa kijani. Seva ikaanza kuwaka, na kabla Windows haijafunguka ikajiendeshea ukaguzi wa diski, chkdsk, kwa kama nusu saa. Mistari ilipita kwenye kioo ikisema inafuta kumbukumbu hizi na kusahihisha zile. Halafu Windows ikafunguka. "Mzee, imewaka!" ndiyo simu aliyopigiwa mwenye duka, na mzee akamwambia amchukulie kijana soda na chakula.

Kanzidata ilikataa kufunguka. SQL Server iliiweka alama ya kushukiwa baada ya kujaribu yenyewe kuinyoosha. Folda ya ankara ilikuwepo, lakini folda nyingi za ndani zilikuwa tupu. Fundi alitafuta msaada mtandaoni, akapata amri ya kurekebisha kanzidata kwa lazima, akampigia mzee kumweleza kwamba amri hiyo inaweza kupoteza baadhi ya data. Hapo mzee akamwambia aache kila kitu kama kilivyo. Asubuhi ya Ijumaa akatupigia.

## Maamuzi, na kwa nini

Kuzima kwa kukata umeme. Kwenye simu tulimwomba asizime kwa menyu ya Windows, bali ashikilie kitufe mpaka seva ife. Uamuzi huu mafundi hubishania. Kuzima kwa utaratibu ni salama kwa seva nzima, lakini Windows inapojizima huandika: kumbukumbu za mfumo, data zilizokuwa zikisubiri kwenye kumbukumbu ya muda, na huduma kama SQL Server hufunga hesabu zao. Kila maandishi mapya yalikuwa yanapita juu ya kundi lenye diski moja ya Machi. Tuliona heri kupoteza kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda.

Mzee aliuliza swali ambalo huulizwa daima: kiasi gani kitarudi? Tulimjibu kwamba hatuwezi kusema kabla ya kupata nakala za diski. Kisha sisi tukamuuliza la kwetu: ukipata kitu kimoja tu, kiwe kipi? Hakusita. "Madeni." Jibu hilo liliongoza kazi yote iliyofuata, maana faili moja la GB 7.8 ni sehemu ndogo mno ya TB 6, na mtu anayetafuta vyote kwa pamoja huweza kumaliza wiki akipanga picha za bidhaa.

Kutogusa diski za asili. Diski zilichomolewa zikiwa zimezimwa, kila moja ikabandikwa tepu yenye namba ya nafasi yake na kupigwa picha. Ziliunganishwa kwenye kompyuta nyingine, bila kadi ya RAID, kwa njia inayosoma tu. Kila diski ilinakiliwa sekta kwa sekta kwa GNU ddrescue, programu ya bure ya Linux inayosoma kwanza sehemu rahisi, inaruka zinazosumbua, kisha inazirudia, huku ikiweka ramani ya ilipofika. Namba 1, 2 na 3 zilikwisha ndani ya saa chache. Namba 4 ilisuasua hadi Jumapili asubuhi.

Palikuwa na mazungumzo ya kuipeleka namba 4 kwenye maabara nje ya nchi. Tuliamua isiende kwanza, kwa sababu haikuwa ikigonga wala kukwaruza, na sekta zake mbovu zilikuwa zimekusanyika sehemu chache. Ingegonga, tungeizima palepale, maana kila sekunde ya kichwa kilichovunjika ni mkwaruzo mpya kwenye sahani. Jamaa mmoja wa mzee alishauri diski ilazwe kwenye friza. Ushauri huu hauishi, na kwa diski za leo matokeo yake makubwa ni unyevu kugandia ndani.

Kumtambua mwongo. Hapa ndipo kisa kilipogeuka. Kwenye kioo cha kadi zote nne zilikuwa zimeonekana nzima, na hakuna aliyetuambia habari za Machi. Karani alilikumbuka lile la mlio baadaye, alipoulizwa. Tulianza kwa kuzipima diski zenyewe. Ukichukua sekta ileile kutoka nakala zote nne na kupiga XOR, kundi zima likiwa sawa jibu ni sifuri. Sehemu kubwa ya kundi lile ilitoa sifuri. Sehemu nyingine, hasa zile zinazotumika kila siku, hazikutoa. Diski moja ilikuwa inasimulia habari tofauti na wenzake.

Ipi? Tulitafuta tarehe za mwisho ndani ya kumbukumbu za mafaili za NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski, kwenye kila nakala. Tatu zilikuwa na kumbukumbu za Alhamisi ile. Namba 2 ilikuwa na rundo la kumbukumbu lililokomea katikati ya Machi, kisha pengo la miezi, kisha chache za usiku wa Alhamisi: zile zilizoandikwa na chkdsk.

Kwa hiyo diski iliyoonekana na afya kuliko zote ndiyo iliyopaswa kutolewa, na ile inayokufa, namba 4, ndiyo iliyopaswa kuaminiwa. Tulijenga kundi kwenye programu kwa nakala za namba 1, 3 na 4, vipande vya KB 64, na kuiacha pariti ikokotoe kilichokosekana.

Kumtumia mwongo kwa yale anayoyajua. Namba 4 ilibaki na mashimo, zaidi kidogo ya MB 1 ya sekta zisizosomeka kabisa. Ukiwa na diski tatu tu kati ya nne, shimo kwenye moja halina wa kuliziba. Lakini namba 2 ilikuwa sahihi kwa kila kitu ambacho hakijaguswa tangu Machi. Kwa kila shimo tuliangalia majirani zake katika mstari uleule wa vipande. XOR yao ikitoa sifuri, eneo lile halijabadilika, na namba 2 inaruhusiwa kutoa ushahidi. Mashimo mengi yalizibika hivyo. Yaliyobaki yaliangukia mahali palipoandikwa hivi karibuni, na moja likaangukia katikati ya bakapu ya Jumatano usiku.

Kuchagua msingi wa kanzidata. Kumbukumbu nyingi za mafaili zilikuwa zimefutwa na chkdsk, kwa hiyo bakapu hazikuonekana kwenye folda yake. Tulizitafuta kwa alama: faili la bakapu la SQL Server huanza na herufi TAPE, urithi wa enzi za tepu. Toleo la Express halikazi bakapu zake, jambo ambalo kwa kawaida ni kero ya nafasi, lakini hapa lilisaidia, maana jina la kanzidata lilisomeka wazi ndani ya kilobaiti za mwanzo. Mpya kuliko zote, ya Jumatano, iligoma kwa sababu ya lile shimo. Ya Jumanne usiku ilirudishwa kwenye kompyuta ya muda, na ukaguzi wa DBCC CHECKDB, amri ya SQL Server ya kupima uzima wa kanzidata, haukuikuta na kosa hata moja.

Faili hai la kanzidata nalo lilipatikana, likiwa na kila kitu hadi Alhamisi jioni, lakini kurasa 214 kati ya takriban milioni 1 zilikuwa zimeharibika. Hapa palikuwa na kishawishi. Amri ya kulirekebisha kwa lazima ingelifungua kwa dakika chache, na mzee angekuwa na mauzo hadi dakika ya mwisho. Lakini amri hiyo huondoa kurasa isizozielewa, na baadhi ya zilizoharibika zilikuwa za daftari la madeni. Jumla zingetoka pungufu bila mtu kujua ni mteja gani aliyepunguziwa.

Tulichukua bakapu ya Jumanne kuwa msingi. Juu yake tukapandisha mistari ya Jumatano na Alhamisi iliyosomeka kutoka kwenye faili hai. Kila ukurasa wa KB 8 wa SQL Server hubeba namba yake mwenyewe kichwani, kwa hiyo unaweza kuusoma hata pale orodha ya kurasa imevurugika. Mhasibu wa muda alikubaliana nasi haraka kuliko tulivyotarajia: alisema pengo analolijua mwanzo na mwisho wake anaweza kulijaza kwa karatasi, lakini pengo lililotapakaa miaka minane ya madeni hana pa kuanzia.

## Kuziba siku mbili

Sehemu hii haikuwa ya mafundi wa diski kabisa, na ndiyo iliyoniridhisha zaidi.

Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, hazikuwa zimeunganishwa na seva. Karani hupiga mauzo mara mbili, kwenye programu na kwenye mashine. Kero hiyo ya kila siku ilitoa shahidi wa pembeni. Kila jioni mashine hutoa ripoti ya Z yenye jumla ya mauzo ya siku. Jumatano, jumla ya mistari tuliyookoa ililingana na ripoti ya Z ya matawi yote hadi shilingi ya mwisho. Alhamisi ilikuwa pungufu. Wakakaa chini na nakala za risiti, hati za kutolea mzigo stoo zenye sahihi za madereva, na meseji za malipo ya simu, wakajaza mstari mmoja baada ya mwingine. Walikuwa na haraka yao: ritani ya VAT inatakiwa tarehe 20, na ilikuwa imebaki wiki moja tu.

Malipo ya madeni ndiyo yaliyoleta ubishi, kwa kuwa aliyelipa deni la zamani kwa fedha taslimu Alhamisi hakupewa risiti ya EFD bali stakabadhi ya mkono, na kitabu kimoja cha stakabadhi hakikuonekana. Mzee aliamua kuwapigia wateja mwenyewe, na kwa kila mmoja alianza kwa kusema mfumo ulianguka na anaomba wakumbushane. Mmoja alitaja deni kubwa kuliko lililokuwa kwenye mfumo, akasoma kutoka daftari lake. Wengine walituma picha za stakabadhi kwa WhatsApp. Mteja mmoja alidai amelipa na hana karatasi. Deni lake bado linabishaniwa.

## Matokeo

Mfumo ulirudi kazini Jumanne, kwenye kompyuta ya muda. Tangu Ijumaa hadi Jumatatu waliuza kwa daftari na EFD. Madeni yote hadi Jumanne ya wiki ya mkasa yalirudi kamili.

Ankara zilizoskaniwa zilirudi nyingi, lakini maelfu yake bila majina wala folda, maana chkdsk ilikuwa imezitenga na kumbukumbu zake. Mafaili ya namna hiyo hurudi kama karatasi zilizomwagwa sakafuni: kila moja inasomeka, ila ni lazima mtu aifungue aone ni ya nani. Kwa sheria ya usimamizi wa kodi kumbukumbu hutunzwa miaka 5, kwa hiyo kuzitupa halikuwa jambo la kujadili. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo alipewa kazi hiyo kwa miezi.

Faili la Excel la mishahara halikurudi. Lilikuwa limefunguliwa na kuhifadhiwa tena na tena wiki ile, na maandishi yake yaliangukia pale pale chkdsk ilipopita. Nakala iliyopatikana ilikuwa ya Julai.

Diski zile zilibeba namba za NIDA za wafanyakazi na hali za mikopo yao. Kwa hiyo kabla ya kuanza tulisaini karatasi ya nani ataona nini na nakala zitafutwa lini, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

## Uchambuzi

Swali ambalo kila mtu pale ofisini alitaka lijibiwe ni kama fundi wa kwanza ndiye aliyeharibu. Naona swali hilo halisaidii sana, lakini jibu lake lina somo la ufundi, kwa hiyo nalieleza.

Kuilazimisha namba 4 peke yake kungekuwa kubahatisha, ila kungerudisha kundi la Alhamisi lenye diski tatu. Kuilazimisha na namba 2 kulichanganya Alhamisi na Machi. Kadi haikuonya, kwa kuwa ukilazimisha unaiambia kwamba wewe unajua. Katika kundi lile, sehemu moja kati ya nne ya kila kinachosomwa ilitoka miezi sita nyuma. Chkdsk ikaona orodha ya mafaili isiyoeleweka, ikafanya ilichoumbiwa: kurudisha mpangilio wa orodha, hata kwa gharama ya mafaili yenyewe. Ni programu ya kuokoa mfumo wa mafaili. Hailindi data zako, na haikuwahi kudai hivyo.

Ubaya uliongezeka kwa namna ambayo hata mafundi wengi hawaifikirii. Kadi inapoandika kipande kimoja, mara nyingi haisomi diski zote upya. Husoma kipande cha zamani na pariti ya zamani, hukokotoa tofauti, huandika vipya. Pale chkdsk ilipoandika juu ya kipande cha namba 2, "kipande cha zamani" kilikuwa cha Machi wakati pariti ilikuwa ya Septemba. Pariti iliyotoka hapo haikuwa ya Machi wala ya Septemba. Ndiyo maana hata baada ya kuiondoa namba 2, maeneo hayo yalibaki takataka. Kama seva ingeachwa imezimwa usiku ule, nakadiria kwamba hasara ingekuwa yale mashimo ya namba 4 tu, na bakapu ya Jumatano, na pengine dakika za mwisho za mauzo kabla umeme haujakatika.

Lakini kijana yule alikuja usiku, akakuta mzee anahangaika, menyu ina neno linalotoa matumaini, na hakuna mtu wala karatasi ya kumwambia lini namba 2 ilitoka. Kadi ilikuwa nayo habari hiyo kwenye kumbukumbu zake, tarehe na saa. Angefungua ukurasa huo kabla ya kulazimisha, angeona majina mawili na tarehe mbili zilizoachana kwa miezi sita. Kwangu hiyo ndiyo hatua moja yenye thamani kuliko zote kwa yeyote anayekutana na kundi lililoanguka: soma kwanza nani alitoka lini. Aliyetoka wa mwisho ndiye mwenye habari mpya, hata kama ni mgonjwa.

Jambo lililofanya kazi vizuri kuliko yote ni mzee kusema "acha" aliposikia maneno "kupoteza baadhi". Amri ile ingekamilika, hata faili hai tusingekuwa nalo la kuchukulia Jumatano na Alhamisi. Bahati ilikuwepo pia: bakapu kubwa za usiku zilikuwa zimeandikwa kwa mfululizo kwenye diski yenye nafasi tele, kwa hiyo hazikukatikakatika, zikapatikana nzima kwa alama tu. Bakapu iliyokaa mahali pamoja na kitu inachokilinda iliokoa biashara hii, jambo ambalo halikupaswa kutokea na sitalitegemea tena popote.

Kuhusu bakapu, wakubwa nao hukwama palepale. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya huduma za mtandaoni kwa waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data za kanzidata yao kuu, kama GB 300. Walikuwa na njia tano za bakapu na unakili, na siku hiyo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala ya kanzidata iliyochukuliwa saa kama sita kabla kwa kazi nyingine ya majaribio. Kampuni ile iliyaandika yote hadharani, na ukisoma unakuta kiini ni kilekile cha diski ya mhasibu: kila njia ilikuwepo kwa jina, na hakuna aliyekuwa na zamu ya kuuliza kama kweli inarudisha.

Mlio wa Machi nao niuseme. Kengele iliyolia ilimfikia mtu asiyejua maana yake wala wa kumwambia. Kwenye kadi ile palikuwa na sehemu ya kuandika barua pepe ya kupokea taarifa. Ilikuwa tupu.

## Walivyo sasa

Seva mpya ina diski mbili tu zinazoakisiana, za aina ya seva, maana data zao za kweli hazijafika hata TB 2. Betri ya UPS imebadilishwa na seva hujizima yenyewe umeme ukikata. Bakapu ya usiku inaandikwa kwenye kifaa kingine kilicho stoo, kisha nakala iliyofungwa kwa nenosiri hupanda mtandaoni alfajiri, wakati kifurushi cha intaneti hakina shughuli. Diski ya nje imerudi kwa mhasibu, na zamu yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza, pamoja na jina la anayeshika akiwa hayupo.

Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi mhasibu hurudisha bakapu kwenye kompyuta ya pembeni na kulinganisha jumla ya madeni na ile ya mfumo. Mara ya kwanza ilishindikana, kwa kuwa ile kompyuta haikuwa na nafasi ya kutosha kwenye diski. Walifuta sinema zilizokuwa humo, wakarudia Jumatatu, jumla zikalingana.